Pampu Ikipiga Risasi Asubuhi, Usikimbilie Kubadili Kabureta



Msimu wa vinyungu umeanza, na simu za alfajiri nazo zimeanza. "Bwana shamba, mashine inapiga risasi!" Huku nyanda za juu kusini baridi ya Juni na Julai inauma. Pampu ya petroli ikivutwa kamba asubuhi, ekzosi inatoa milio ya pa! pa! kabla injini haijatulia. Wengi wetu tuna jibu moja tu: kabureta imekufa, nunua nyingine.

Hata mimi nililitoa jibu hilo mwaka jana. Mzee mmoja mwenye kabichi bondeni alinipigia, nikamjibu kwa simu bila kuiona mashine. Akatoa fedha aliyoitunza kwa ajili ya mbolea ya kukuzia, akanunua kabureta. Kesho yake mlio ulikuwa ule ule. Nilipofika shambani nilikuta nati za ekzosi zimelegea na gasketi yake imeungua. Gasketi ile bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kabureta. Mbolea ilichelewa na kabichi zikafunga vichwa vidogo. Mzee hakunilaumu, lakini kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu: mtu asinunue spea yoyote kwa sababu ya mlio kabla hajamaliza ukaguzi usio na gharama.

Kwanza tuelewe mlio unatoka wapi. Petroli ikikosa kuungua yote ndani ya silinda, inayobaki inatoka na moshi na kulipukia kwenye ekzosi. Wakati wa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo mlio mmoja au miwili ya mwanzo, kisha kimya, si ugonjwa. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, hapo kagua kwa mpangilio huu.

1. Choki. Ifunge wakati wa kuwasha, kisha ifungue kidogo kidogo injini inavyopata moto. Mlio ukiisha unapofungua, petroli ilikuwa nyingi mno. Tazama pia kama chujio la hewa limejaa vumbi. Ukizidi unapofungua, petroli inayofika ni kidogo au kuna hewa inaingia pasipostahili.

2. Plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli inazidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Kwa injini nyingi za pampu za inchi 2 na inchi 3, nafasi ya ncha za plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8, ila fuata kitabu cha mashine yako. Usijaribu cheche karibu na dumu la petroli.

3. Ekzosi. Tazama inapoungana na injini. Ukiona masizi meusi pembeni ya maungio, moshi unavuja. Panapotoka moshi ndipo hewa baridi inapoingia, ikakutana na petroli isiyoungua ikalipuka. Kaza nati, au badili gasketi.

4. Petroli. Mwaga iliyo kwenye kikombe cha kabureta ndani ya glasi safi. Maji yatakaa chini, petroli juu. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi kwenye tangi inaleta shida ya kuwaka na utando unaoziba jeti. Hapo kabureta inahitaji kusafishwa, si kubadilishwa.

5. Valvu. Hii ni kazi ya fundi mwenye fila geji, na injini iwe ya baridi. Valvu ya moshi isipofunga vizuri, moto unatokea kwenye ekzosi. Kupima tapeti ni kazi ya muda mfupi.

Najua wapo watakaosema mkulima si fundi, amwachie mwenye kazi yake. Nawaheshimu mafundi, na hatua ya tano ni yao. Lakini fundi mzuri hakasiriki ukimwomba akuonyeshe ubovu kabla ya kutoa spea ya zamani. Anayekasirika, tafuta mwingine.

Kwenu wafanyabiashara: mnaouza petroli ya chupa, msiuze iliyokaa juani miezi, na dumu lililooshwa likauke kabisa kabla ya kujazwa. Mnaouza spea, mteja akija kuulizia kabureta, muulize kwanza kama ameangalia plagi na gasketi. Mtauza kitu kidogo leo, lakini mteja huyo atarudi kwenu.

Na sisi maafisa ugani tuache kutibu mashine kwa simu. Hatutaji dawa ya mmea bila kuuona ugonjwa, basi na pampu iwe hivyo hivyo.

Ukinipigia kesho asubuhi, nitakuuliza mambo matatu kabla ya yote: mlio unatoka upande wa ekzosi au wa chujio la hewa? Unaisha injini ikipata moto? Plagi ina rangi gani? Yatafute kabla hujapiga, na fedha ya mbolea iache ilipo.