Uwanja wa Kitante: Anayefungiwa nje hatautetea

NIMEUCHEZA uwanja wa gofu wa Kitante mara nyingi kabla sijaukanyaga. Niliucheza Mwanza, mtaa wa Kirumba, nikiwa na miaka minane, nimelala mkekani na utambi wa taa umeshushwa ili mafuta yafike mwisho wa mwezi. Baba alitusimulia shimo moja kila usiku. Alipofika la kumi na nane alianza upya, na hakuna aliyelalamika.

Baba hakuwa mchezaji. Miaka ya 1950, akiwa kijana mdogo, alikuwa kedi, yaani yule anayebeba mkoba wa fimbo na kumfuata mwenye fimbo. Mwaka 1977 alivuka Mutukula pamoja na mama, nami nikiwa mgongoni. Hakuweza kubeba nyumba wala shamba. Alichobeba ni uwanja huo kichwani. Watoto wengine wa wakimbizi walisimuliwa ng'ombe wa babu zao. Sisi tulisimuliwa nyasi za watu wengine.

Nilirudi mwaka 1994, nina cheti cha kidato cha nne cha Tanzania na Kiswahili ambacho watu wa Kampala walipokisikia walishika mifuko yao. Baba hakurudi, tulimzika Mwanza. Tangu hapo naishi Bukoto na kazi yangu ni ualimu. Jumamosi nyingi hushuka kwa miguu kupitia Kamwokya, nikapita Jumba la Makumbusho, nikafika Kitante na kuuangalia uwanja nikiwa barabarani. Miaka thelathini nimeuangalia hivyo.

Wiki mbili zilizopita, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni wakili na mwanachama wa klabu alinialika nitembee naye mashimo yote kumi na manane. Sikupiga mpira hata mmoja. Nilitembea tu, na kichwani baba alikuwa akisimulia.

Ndugu msomaji, unayeshusha mchele na vitenge kutoka Mutukula, au unayepeleka mayai na ndizi Busia, utaniuliza gofu inakuhusu nini wewe. Naomba uvumilivu wako. Habari hii inahusu ardhi, na wewe ni shahidi wa jinsi ardhi ya mjini inavyoweza kuondoka asubuhi moja, ulipokuwa umepanga bidhaa zako jioni iliyotangulia.

Kwenye shimo la kwanza baba alitufundisha namna ya kusimama. Kedi hasimami nyuma ya mpira, hasemi, na kivuli chake hakipiti mbele ya mchezaji. Klabu ya gofu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1908, na katika zama za ukoloni Mwafrika aliingia viwanja vya namna hiyo kwa kubeba, kufyeka au kupika. Leo mambo ni tofauti. Wanaocheza ni Waganda, Wakenya, Wahindi, Wakorea, wanawake kwa wanaume. Lakini kedi bado yupo. Aliyebeba mkoba wa mwenyeji wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole, ambaye alikuwa akijua mpira umeangukia wapi hata kabla haujaanguka. Nilimuuliza amesoma hadi wapi. Alijibu, "Mwalimu, nilifika senia ya pili, ada ikanishinda."

Tukateremka bondeni. Hapa baba alikuwa na kituo kirefu, kwa sababu ndipo penye kijito, na wavulana waliingia majini kutafuta mipira iliyopotea. Uwanja wa Kitante umelala kati ya vilima viwili, Kololo na Nakasero. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka pande zote mbili hukutana katika bonde hilo, yakaendelea kuelekea mfereji wa Nakivubo na hatimaye ziwani. Mahali penye nyasi na udongo, maji hayo hupata pa kunywewa. Mahali palipomwagwa zege, yote huteremka kwa pamoja na kumkuta mama aliyetandaza nyanya chini. Kila mfanyabiashara aliyewahi kuinua magunia juu ya meza wakati wa mvua anajua ninalosema. Nyasi zile zinamkinga hata yule ambaye hatazikanyaga maisha yake yote.

Katikati ya mchezo, wachezaji hupumzika na kunywa kitu cha baridi. Kwa baba hiki kilikuwa kituo cha mti. Makedi walikaa chini yake, wakagawana muhogo, na mmoja wao akachonga fimbo ya mti wa mpera wakacheza gofu yao wenyewe kwa mipira iliyookotwa kijitoni. Nilimsimulia kedi wetu hadithi hiyo akacheka, akasema hata yeye alijifunza kwa fimbo ya kuokota. Wengi wa wachezaji wa kulipwa katika nchi zetu hizi walianzia hapo hapo, kwenye mkoba wa mtu mwingine.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1913 kule Marekani, kijana wa miaka 20 aitwaye Francis Ouimet alishinda mashindano ya taifa ya wazi kwa kuwashinda Waingereza wawili waliokuwa mabingwa, Harry Vardon na Ted Ray. Ouimet aliwahi kuwa kedi kwenye uwanja ule ule. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na alikuwa akiukatiza uwanja huo kwenda shule. Siku ya ushindi mkoba wake ulibebwa na mtoto wa miaka 10. Mwaka 1949 ukaanzishwa mfuko unaobeba jina lake, wa kuwalipia masomo ya chuo vijana wanaofanya kazi viwanjani. Angalieni basi: uwanja ulipitika, mtoto akapita, na uwanja ukapata sifa ambayo fedha haiwezi kununua.

Tulipofika mashimo ya mwisho niliinua macho. Pembeni yameota majengo, hoteli, maduka makubwa na maghorofa ambayo thamani yake inatokana na jambo moja: dirishani pana majani mabichi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ardhi kubwa iliyo wazi katikati ya mji mkuu ni kama nyama iliyoanikwa. Wanaoitazama si wenye njaa tu, hata walioshiba huitazama.

Mimi ni mwalimu, na kwa hiyo nina kumbukumbu moja ambayo haifutiki. Mwaka 2006 shule ya msingi ya Shimoni pamoja na chuo chake cha ualimu, katikati ya Kampala, vilibomolewa ili pajengwe hoteli ya mwekezaji, kwa maelezo kwamba mkutano wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007 ulikuwa unakuja. Mkutano ulikuja ukapita, hoteli haikuwapo. Kiwanja kilikaa miaka bila watoto na bila wageni. Kama shule iliyojaa watoto iliweza kuondolewa, nani atadai kwamba nyasi haziwezi?

Nairobi wana funzo kinyume cha hilo. Mwaka 1989 serikali ya huko ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai alisimama akapinga, akatukanwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1999, alipigwa akitetea msitu wa Karura, nao msitu upo hadi leo. Ushujaa wake haupingiki. Ila tujiulize: kwa nini mwito wake wa mwaka 1989 uliitikiwa? Kwa sababu wauza karanga, wapenzi, wahubiri na walinzi wa usiku waliokosa pa kulala mchana walikuwa wote wamewahi kulala kwenye nyasi za Uhuru Park. Waliona kinachochukuliwa ni chao.

Sasa turudi Kitante. Siku matingatinga yatakapokuja, na sisemi yako njiani, nani atasimama? Wanachama watakwenda mahakamani, na wanayo haki. Lakini mchuuzi wa Kamwokya, dereva wa boda boda wa Bukoto na mzazi wa mwanafunzi wangu watasema, "Hilo ni la matajiri wao kwa wao." Na katika nchi zetu, jambo likishaitwa la matajiri wao kwa wao, limekwisha. Mtu uliyemfungia nje hawezi kukuletea maji nyumba inapoungua. Hajui hata mlango uko wapi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Uwanja wa Kitante usiguswe hata pembe moja. Na njia ya uhakika ya kuulinda si kuongeza waya. Ni kuufungua kwa kiasi, ili watu wa mji huu wapate sababu ya kuulilia.

Najua nitajibiwa. Watasema mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe na unaweza kumtoa mtu jicho. Ni kweli, niliusikia ukivuma juu yangu nikainama kama niko vitani. Watasema nyasi zile hazijikati, zinakatwa kwa ada za wanachama. Hilo nalo ni kweli, na asiyelipa ada hana budi kulishukuru. Watasema tayari yapo mashindano ya watoto na ya makedi. Yapo, nami nayapongeza. Lakini hayo ni ya wanaocheza. Mimi nasemea wasiocheza.

Mfano upo, tena unatoka kwa wenye mchezo wenyewe. Kule St Andrews, Uskoti, uko uwanja ambao wachezaji wa dunia nzima huuita nyumbani kwa gofu. Ndiko ambako mwaka 1764 mashimo 22 yalipunguzwa yakawa 18, na dunia ikafuata. Uwanja huo ni ardhi ya umma. Isipokuwa nyakati za mashindano makubwa, siku ya Jumapili hauchezwi. Watu wa mji huingia na mbwa wao na watoto wao, wakatembea kwenye nyasi zile zile ambazo mabingwa huzililia. Uwanja wenye heshima kuliko yote duniani unakanyagwa na mama mwenye kikapu kila juma, na heshima yake haijapungua hata kidogo.

Siombi kila Jumapili. Naomba Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, fimbo zikiwa zimepumzika. Familia ziingie kwa lango moja na kutoka kwa lango moja. Walimu walete madarasa yao waone kijito, ndege na miti ambayo sasa tunaichora ubaoni. Nimewahi kuwaongoza watoto arobaini kutafuta mahali pa wazi pa kufundishia somo la mimea, na mahali fulani, ambapo sipataji, mlinzi alitufukuza kabla hatujatoa daftari. Tulirudi darasani nikachora jani. Mtoto mmoja akaniuliza kama jani la kweli lina mistari mingi kiasi hicho.

Pia naomba wachezaji watenge senti chache katika kila ada ya mashindano kuwalipia masomo makedi walioachia njiani kama yule wa senia ya pili. Wakili wangu alilipia chakula cha mchana siku ile kiasi ambacho kingemrudisha kijana yule darasani kwa wiki kadhaa. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Mwalimu, hujaacha kutoa kazi za nyumbani." Nimempa muda hadi mwisho wa muhula.

Nasi tuliorudi kutoka uhamishoni tusikae pembeni katika jambo hili. Wengi wetu tuliporudi tulikuta nyumba zina wenyewe wapya, mashamba yamepimwa upya, mitaa imebadilishwa majina. Tulijifunza kutodai, kwa sababu anayedai sana huulizwa alikuwa wapi. Lakini tunajua kuliko wengine kwamba mahali panaweza kuishi ndani ya mtu asiyekuwapo. Mimi nililelewa na uwanja ambao sikuwa na ruhusa ya kuuingia, katika nchi ambayo haikuwa yangu. Sitaki wajukuu wangu waje kusimuliwa uwanja huo huo huku wakikaa Bukoto, mwendo wa miguu kutoka pale ulipokuwa.

Shimo la kumi na nane baba hakulimalizia kwa kulipwa, ingawa ndipo kedi hulipwa. Alilimalizia kwa udongo. Fimbo ikipiga mpira hung'oa kipande cha nyasi na kukirusha mbali. Kazi ya mwisho ya kedi, alisema, ni kukifuata kipande hicho, kukirudisha kwenye kidonda chake na kukikanyaga taratibu kwa unyayo mtupu, kisha kuondoka bila kuangalia nyuma. Kikirudishwa mapema hushika, baada ya siku chache huwezi kukijua. Kikiachwa juani hufa, na pale kilipotoka panabaki upara.

Siku ile mwenyeji wangu alipopiga mpigo wake karibu na mwisho, kipande kiliruka. Kedi alipoinama nilimwomba aniachie. Nikavua viatu.