MATEKA WA STANLEYVILLE NA MEZA YA MAPATANO



Kila mwanachama aliyepata kuketi mbele ya tajiri anajua kwamba mapatano yahitaji mambo mawili: wakati, na mtu mwenye uwezo wa kukubali. Yakikosekana hayo, yaliyobaki ni maneno ya kupitisha siku. Hapa Nairobi mwezi wa Novemba 1964 mambo hayo yalikosekana, na juu ya meza zilikuwa roho za watu.

Tangu Agosti mwaka ule waasi wa Simba walikuwa wameshika Stanleyville, mji wa Kongo uitwao leo Kisangani. Waliwazuia mamia ya wageni, wengi wao Wabelgiji: makonsuli, wamisionari, wafanya biashara, wanawake na watoto. Serikali ya Tshombe nayo ilikuwa ikiuelekea mji pamoja na askari weupe wa kukodiwa.

Mzee Kenyatta, mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Nchi za Afrika juu ya Kongo, aliwakutanisha balozi wa Marekani, William Attwood, na Thomas Kanza wa upande wa waasi. Kanza alitaka majeshi yasimame kwanza. Attwood alikuwa na ruhusa ya neno moja tu: mateka waachiliwe bila masharti. Hawakupatana. Lakini askari wa miavuli wa Kibelgiji walikuwa wamekwisha ondoka Ulaya kwa ndege za Marekani, wakingoja kisiwani Ascension, mali ya Uingereza. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba wakashuka Stanleyville.

Zaidi ya wageni 1,500 waliokolewa, na hilo hatulidharau. Lakini kabla askari hawajawafikia, waasi waliwapiga risasi mateka barabarani, na daktari Paul Carlson wa misheni akafa. Wengine waliuawa baadaye mahali ambapo askari hawakufika. Na Wakongo waliokufa kwa maelfu mikononi mwa pande zote mbili, ni ndege gani iliyotumwa kwa ajili yao?

Mtu anayemfanya asiye na silaha kuwa ngao yake ana hatia, hata kama madai yake ni ya haki. Lakini naye ajaye mezani huku ndege zake zangoja, tunamfahamu: ni kama tajiri anayezungumza na kamati ofisini huku langoni anaandika watu wa kuchukua kazi zetu.

Kwa hivyo, ndugu, mnapoketi mezani ulizeni kwanza: Huyu ana uwezo gani? Tumepewa siku ngapi? Na katika hesabu yake, ni watu gani hawakuhesabiwa?

Mhariri