Trip ya Private Hadi Naivasha: Doo Inabaki Kanairo, Hatari Inabaki Korongoni

Fungua TikTok Ijumaa jioni, hukosi hiyo video. Land Cruiser ya paa la kufunguka, manzi amesimama ndani na kofia ya kaki kama anaenda kukutana na simba aliyemtumia barua, nyuma yake Bonde la Ufa limetulia. Chini imeandikwa: trip ya private, siku moja, tunakutoa Nairobi asubuhi tunakurudisha jioni, guide wako binafsi, kuja inbox tuongee bei.

Kitambo mtu wa Kanairo alikuwa anaenda ushago Disemba, amebeba mikate minne na soda ya lita mbili, anabanwa kwa mathree mpaka magoti yanalia. Siku hizi kuna ushago ya kulipia. Unalipa uonyeshwe majani chai Limuru, unalipa uonyeshwe ng'ombe, na shosh yako yuko Murang'a na ng'ombe wa bure anakungoja tangu Pasaka. Lakini tusicheke sana. Shosh ana maswali yake: utaoa lini, mbona umekonda, ile kazi iliishia wapi. Guide hakuulizi hayo. Hiyo pekee watu wako tayari kuilipia.

Na biashara yenyewe si mchezo tena. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni karibu milioni 2.4 kutoka nje. Wengi wao wanapitia Nairobi, na wako wengi ambao wana siku moja tu mkononi: amekuja mkutano, ama ndege yake ni kesho usiku. Maasai Mara hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja akabaki na mgongo. Naivasha anaweza. Ni kilomita tisini hivi kutoka mjini, kuna ziwa, kuna viboko, na kuna Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kando ya pundamilia. Ongeza mbogi za Nairobi zenyewe, couple za anniversary, wale wa kutoka Marekani na Uingereza waliorudi kuwaonyesha watoto nchi, na unaona kwa nini kila msee mwenye gari na simu ya kamera tatu ameamka akajiita kampuni ya safari.

Sasa tuongee doo, kwa sababu hapo ndipo stori inaanza kunuka.

Chukua mfano huu wa kupigia hesabu tu, si bei ya mtu yeyote. Couple wamelipa 25,000 kupitia app ya nje, zile kama Viator ama GetYourGuide. App haikati kidogo. Kamisheni ya asilimia 20 mpaka 30 ni kawaida kwa hiyo biashara. Tuseme robo. Hapo 6,250 imepotea kabla gari halijawashwa. Zimebaki 18,750. Gari na mafuta, tuseme 11,000. Geti, baiskeli na boti, 4,000. Dere anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku, 2,500. Mwenye kampuni amebaki na 1,250, na bado hajalipa data, hajalipa leseni, na yule mgeni anaweza kumpiga nyota mbili kwa sababu mvua ilinyesha.

Ukitazama hiyo hesabu vizuri utaona kuna mtu hajatajwa. Guide wa korongo. Yule kijana wa pale pale, mara nyingi Mmaasai wa maeneo ya Olkaria, anayejua jiwe gani linateleza na wapi maji ya moto yanatoka ukutani. Huyo kwa trip nyingi hayuko kwenye bajeti. Mgeni anafika pale anaambiwa "huyu utamtoa kitu kidogo". Amelipa private guided, na mtu anayemguide kweli analipwa kama mtu wa kulinda gari Uhuru Park.

Mnaniuliza basi "guide binafsi" wa kwenye tangazo ni nani? Kwa trip za bei ya chini, ni dere. Huyo huyo anaendesha, anaeleza historia, anapiga picha, anafungua maji, anatafuta choo. Sisemi madere ni wabaya. Kuna madere wanajua ndege wa Naivasha kwa majina kuliko walimu wa bayolojia. Lakini kuguide ni kazi yenye mtihani wake. Kenya kuna chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, chenye ngazi za bronze, silver na gold, na kupanda ngazi si kuomba: unakaa mtihani, na ile ya gold wachache sana nchini wanayo. Kampuni nayo inafaa iwe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, chini ya sheria ya utalii ya 2011. Ni wangapi kati yetu wameuliza hata moja ya hizo kabla ya kutuma deposit? Tunauliza kama gari lina chaja.

Na kwa vile dere analipwa kidogo, anajilipa njiani. Ndiyo maana lazima msimame kwa duka la vinyago pale juu ya escarpment hata kama hakuna mtu amesema anataka kinyago. Hapo ana asilimia yake. Ndiyo maana lunch inaliwa kwa hoteli fulani na si ile ya samaki wa kukaanga mliyoiona mkipita. Mgeni anadhani anaongozwa kuona nchi, kumbe anaongozwa kuona kamisheni.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaliongelei na ni zito kuliko kinyago: bima. Mtu akitumia gari lake la nyumbani kubeba abiria wa kulipa, ile bima ya private aliyonayo haikuandikwa kwa kazi hiyo. Kila kitu ni sawa mpaka siku lori la mchanga linakosa breki kwenye ile miteremko ya kuingia Maai Mahiu. Siku hiyo kampuni ya bima ina kila sababu ya kukwambia hao hawakuwa marafiki zako, walikuwa wateja. Neno private kwenye tangazo linasikika ni kama raha. Kwenye karatasi ya bima ni shimo.

Lakini mahali ambapo trip ya bei ya kutupa inaweza kukugharimu kitu hutarudishiwa ni chini, korongoni.

Ol Njorowa, lile korongo la Hell's Gate, ni tamu kwa picha. Kuta zimesimama pande zote, nyembamba, mwanga unaingia kwa juu kama taa ya studio. Filamu ya pili ya Tomb Raider, ile ya 2003, ilipigwa huku Hell's Gate. Sasa elewa hii kitu inavyofanya kazi. Hilo korongo ni mfereji. Lilichimbwa na maji na bado ni njia ya maji. Mvua inaweza kunyesha mbali kule juu, wewe uko chini kwenye jua kali unapiga selfie, anga bluu, mchanga mkavu. Maji yanakusanyika kutoka miinuko, yanaingia mfereji mwembamba, yanafika kwako kama ukuta. Huwezi kukimbia mbele kwa sababu yanakushinda mbio, na pembeni ni mwamba laini unaomeguka mkononi.

Hii si stori ya kutishia watoto. Aprili 2012 vijana wa kanisa walikuja kutembea wakasombwa pale, saba wakafa. Septemba 2019 ikatokea tena: kundi la watalii, wengi wao Wakenya, likachukuliwa na maji, na guide wa eneo hilo alikuwa miongoni mwao. Korongo likafungwa kwa muda. Soma hiyo ya guide mara mbili. Mtu wa mwisho kwenye malipo ndiye alikuwa nao ndani ya maji.

Sasa unganisha hizo mbili. Guide wa korongo anaishi na tip. Asiposhuka nanyi, halipwi. Wingu likionekana kwa mbali, ana sababu ngapi za kusema "leo hatushuki" na ana sababu ngapi za kusema "tushuke haraka haraka"? Na dere aliyewaahidi korongo kwenye tangazo, mwenye nyota za app kichwani, atamuunga mkono nani? Mpango wowote unaofanya mtu apoteze mlo wake kwa kusema ukweli kuhusu hali ya hewa ni mpango mbovu, hata kama video ilikuwa kali. Dawa yake si kubwa: guide wa pale alipwe siku nzima, ndani ya bei, mshuke msishuke. Zikiwa elfu mbili juu ya 25,000, hiyo ni asilimia nane. Watu wanaacha zaidi ya hiyo kwa choma na vinywaji wakirudi.

Ziwa nalo lina yake. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha, alikuwa anapiga picha kwa karibu. Na mwisho wa 2025 ziwa lilipanda mpaka likaingia Kihoto, watu wakahamishwa nyumba zao kwa boti. Fikiria hiyo picha: boti zinazobeba wageni kuona viboko, na boti zinazobeba magodoro ya wenyeji, kwenye ziwa moja. Maji yakisogea, viboko wanasogea pia, na ile nyasi uliyokanyaga mwaka jana ukiwa na glasi mkononi huenda sasa ni njia yao ya jioni. Dere wa Nairobi hawezi kujua hiyo kwa kusoma mtandaoni. Mvuvi wa pale anajua.

Wakati huo huo gharama zinapanda kutoka kila upande, na hapa ndipo naona hatari mpya. KWS ilitangaza ada mpya za mbuga za kuanza 1 Oktoba 2025, baada ya zile za zamani kukaa karibu miaka 18. Mbuga ya Nairobi, Mkenya aliyekuwa analipa 430 aliwekewa 1,000. Mimi siko kwa kundi la wanaolia kwamba mbuga inafaa iwe bei ya chipo mwitu. Uzio, magari ya doria na mishahara ya rangers haijalipwa na hewa. Lakini kwa mbogi ya watu wazima watano hiyo ni elfu tano kabla hamjanunua maji.

Halafu kuna barabara. Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi mpaka Mau Summit, pamoja na ile ya chini ya Maai Mahiu mpaka Naivasha, na itakuwa ya kulipia. Bei iliyotajwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita. Rironi mpaka Naivasha kwa njia ya chini ni kilomita 58 hivi, kwa hiyo ni kama 464 kwenda, na nyingine kurudi. Anayejua jam ya Jumapili jioni pale Kinungi, ile ya kununua viazi na karoti dirishani kwa sababu hamsongi popote, pengine atalipa akiimba. Na mpaka ikamilike, ni vumbi, mizunguko na malori ya ujenzi, kwa hiyo yule dere wa saa kumi alfajiri sasa anarudi amechoka zaidi. Hakuna mtu ameongeza bei yake kwa hilo.

Swali ni nani atabeba hizo gharama. App haitashusha kamisheni. Serikali haitashusha toll. Mteja amezoea kuambiwa kuna msee mwingine anafanya kwa 18,000. Ukifuata njia hiyo mpaka mwisho unafika kwa watu wawili: dere, na yule kijana wa geti. Ndio pekee unaweza kuwapunguzia bila kuandikiwa barua na wakili.

Kwa hivyo ukituma ile inbox wiki hii, kabla ya kuuliza kama drone iko, uliza vitu vitatu: leseni ya kampuni iko wapi, gari lina bima ya kubeba abiria wa kulipa, na guide wa korongo anapewa ngapi na nani. Hiyo ya tatu ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu wengi hawajajitayarisha nayo. Mwenye kampuni safi atakujibu kwa namba. Mwingine atakutumia emoji ya twiga.

Na ukifika kule chini, kijana akaangalia upande wa milima akanyamaza, halafu akasema "leo hapana, mzee, turudi," mtoe ile pesa yote mliyokuwa mmempangia. Korongo litakuwa hapo wiki ijayo. Baiskeli bado ziko, pundamilia bado wako, na saa tisa bado kuna mtu anakaanga samaki Karagita.