Watoto wa Mtumba Wakimbie Wapi?



Ndugu msomaji, mwaka wetu wa kwanza hapa Mtumba nilitoka nje siku moja baada ya swala ya Alasiri, nikaitazama njia inayopita mbele ya nyumba yetu. Mageti yalikuwa kumi na mawili, na mtoto hata mmoja hakuwako nje. Watoto walikuwepo, maana nilizisikia televisheni zao kutoka nyuma ya kuta. Bibi mmoja wa Kigogo, ambaye familia yake ilikuwa ikilima hapa kabla hatujafika sisi na makabati yetu, alikuwa akipita na kuni zake. Akaniamkua, akasimama, akasema: "Mwanangu, watoto wenu mmewafunga kama ndama."

Asiyejua ufugaji huenda asilione kali neno hilo. Ndama huachwa zizini ng'ombe wakubwa wanapotoka kwenda malishoni, nao hulia mchana kutwa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wengi wetu tulifuata kazi. Mji wa Serikali ulizinduliwa hapa Mtumba mwezi Aprili 2019, na watumishi wakahama na wizara zao: wengine kutoka Magomeni na Temeke, wengine Tanga, wengine walikuwa na asili ya Unguja. Kule tulikotoka mtoto alitoka nje akakutana na watoto. Uchochoro ulikuwa kiwanja chake, na kila mama aliyeketi barazani alikuwa mlezi wake. Hapa tulijenga ukuta kwanza, kisha nyumba, na jirani tukaja kumjua baadaye. Nasi hatukuwa na nia mbaya. Mtu mgeni mahali hujilinda.

Hebu tuitazame siku ya mtoto wa miaka sita wa nyumba ya Kiislamu hapa kwetu. Anaamshwa kwa swala ya Alfajiri au baada yake kidogo, anapanda gari la shule, anakaa darasani. Akirudi anakula, anakaa kufanya kazi aliyopewa na mwalimu. Kisha anakwenda madrasa, anakaa kwenye mkeka. Magharibi anarudi, anakaa mbele ya televisheni au simu ya baba mpaka Isha. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi nimeandika kwamba anakaa. Shuleni lipo somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo kwa darasa la kwanza na la pili, kama sisi tulivyokuwa na Haiba na Michezo, lakini kila mzazi anajua ni kipindi gani humezwa kwanza mitihani inapokaribia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaowahusu watoto wasiotimiza miaka mitano unataka mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kuutumikisha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, za kukimbia na kuhema. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja. Kwa walio na miaka 5 hadi 17, shirika hilo linataka wastani wa dakika 60 za nguvu kwa siku. Mifupa, moyo, usingizi na hata utulivu wa akili vinategemea mwendo huo. Nilipojaribu kuhesabu za binti yangu kwa siku moja ya shule, nilizipata dakika kumi na tano, na ndani yake nilikuwa nimejumlisha na kupanda ngazi.

Wako wazazi wanaoona kwamba mchezo ni upuuzi, na kwamba saa ya mchezo ni saa iliyoibwa kwenye Qur'ani. Nawaheshimu, maana wanachokihofia ni kitu kikubwa. Lakini Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliliandikia jambo hili katika Ihyaa yake. Alitaka mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri utakaompumzisha kutoka uchovu wa masomo. Alionya kwamba kumzuia mtoto mchezo na kumlemea kwa masomo mfululizo huua moyo wake na kudhoofisha akili yake, hadi atafute hila za kukwepa masomo yenyewe. Anayesema hayo ni mwanachuoni aliyeitumia sehemu kubwa ya umri wake katika kufundisha.

Na juu ya wanachuoni wote yuko Mtume wetu (s.a.w.). Alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumkatisha kabla hajatosheka. Alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara moja Bi Aisha akamshinda, na baada ya muda Mtume akamshinda yeye. Riwaya hiyo imo katika Abu Daud. Nani kati yetu akina baba na mama ameshindana mbio na mwanawe mwezi huu?

Basi tukaanza. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja kitupu, kimepimwa na kuwekewa mawe ya mipaka, mwenyewe hajulikani. Mama watatu tulikubaliana kuwatoa watoto wetu siku tatu kwa wiki baina ya Alasiri na kabla ya Magharibi, mmoja wetu akiwasimamia kwa zamu. Jua la Dodoma saa nane mchana halimfai mtoto mdogo anayekimbia, lakini baada ya Alasiri hulegea, na katika miezi ya kipupwe upepo huwa wa baridi kiasi kwamba sweta huvaliwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia mbigiri. Anayeijua ardhi ya huku anajua kwamba mbigiri huingia hata kwenye soli ya ndala. Tulifagia siku mbili, na kila tunapoanza mchezo tunafagia tena.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ya kwanza niliwapanga watoto kumi na sita mstari mmoja, nikachora mstari mwingine mbali, nikaahidi zawadi kwa atakayefika wa kwanza. Wakakimbia. Aliyeshinda alikuwa mjukuu wa yule bibi wa kuni, na aliyefika wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka saba, mnene kidogo, aliyekuja kutoka Dar es Salaam mwezi uleule. Nikarudia, akawa wa mwisho tena. Kisha tukacheza mchezo ambao anayeguswa anatoka nje, naye akawa wa kwanza kutoka. Akaketi juu ya jiwe la mpaka kwa nusu saa akiwatazama wenzake. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Mama yake aliniambia kwa upole kwamba mtoto anasema tumbo linamuuma.

Nililala na jambo hilo. Mchezo wa kutoana nje humtoa kwanza yule aliye na haja kubwa zaidi ya kukimbia, na humwacha uwanjani yule ambaye angekimbia hata bila sisi. Foleni ndefu nayo ni hivyohivyo: watoto kumi wamesimama, mmoja anakimbia. Tangu siku ile kanuni yetu ni kwamba hakuna anayetolewa, hakuna anayesubiri zamu kwa muda mrefu, na hakuna zawadi.

Mchezo uliomrudisha yule mtoto ulikuwa kombolela. Wakubwa mtaukumbuka. Kopo huwekwa katikati, mmoja hulipiga teke mbali, na mtafutaji anapokwenda kulirudisha wengine wote wanajificha. Akimwona mtu humtaja jina na kukimbilia kopo. Lakini yeyote aliyebaki mafichoni anaweza kutoka mbio, akalipiga teke kopo lile, na wote waliokamatwa wakawa huru. Jina lake ni hilohilo, kukomboa. Mtoto wetu hakuwa na mbio, ila alikuwa na subira. Alijibanza nyuma ya rundo la tofali mpaka wenzake tisa walipokamatwa na mtafutaji alipojisahau, akatoka. Nilimwona akirushwa juu na watoto ambao wiki mbili kabla hawakujua jina lake. Tangu siku hiyo tumbo halikumuuma tena.

Rede tumeurekebisha. Kwa kawaida wawili husimama ncha mbili na kumrushia mpira aliye katikati, naye hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Sisi tunaweka wawili katikati ili mmoja ajaze na mwenzake amkinge. Mpira tunaushona kwa soksi zilizochakaa, haupigwi juu ya kiuno, na aliyepigwa hatoki bali hubadilishana nafasi na mrushaji. Kwa njia hiyo wanne wanahema kwa wakati mmoja, na tunafungua viwanja vitatu sambamba. Wa miaka minne hawauwezi. Wao tunawapa ukuti, kushikana mikono na kuzunguka. Baadhi ya wazazi walituomba tusiimbe, basi tunahesabu kwa Kiarabu badala ya wimbo, na wanapofika kumi wote wanaanguka. Sioni kwamba mtoto amepungukiwa na furaha.

Upo na mchezo tunaouita mkia. Kila mtoto huchomeka kipande cha khanga kuukuu nyuma ya kiuno, wote wanakimbizana kunyang'anyana mikia, na aliyepoteza wake anaendelea kuwinda. Dakika tano za mkia huwachosha kuliko nusu saa ya mpira wa miguu, ambao kwa watoto wadogo huwa ni wawili wenye mpira na kumi na nne wanaotazama. Kamba ya kuvutana tunaitoa kwa waliotimiza miaka saba tu, na ni marufuku kuizungusha mkononi, maana inaweza kukata au kuteguza kidole. Kuhusu nage nawaachia wenye asili ya Zanzibar, wataniaibisha.

Niliulizwa juu ya mabinti. Watoto hawa ni wadogo, hawajabaleghe, na wanacheza pamoja mbele ya mama zao. Binti yangu huvaa suruali pana ndani ya gauni na mtandio wa kushonwa usiohitaji pini, kwa sababu pini na mchezo wa mkia havipatani. Walio wakubwa kidogo tumewatengea siku yao ndani ya ua wa jirani mmoja. Ninachokikataa ni kumwambia mtoto wa miaka saba aketi atazame kaka zake kwa sababu tu ni wa kike.

Ustadh wa madrasa yetu mwanzoni hakupendezwa, na alikuwa na haki, kwa kuwa wazazi wanamlipa awafundishe wala si awachezeshe. Nilimwomba jambo moja: awaanzishe kwa dakika ishirini za kukimbia, kisha wanawe mikono na uso, watie udhu, waketi. Alikubali kwa wiki moja. Wiki ilipokwisha hakuniambia kitu, ila nilimkuta amenunua kamba ya kuruka. Baadaye alisema kwamba zamani nusu ya darasa lake lilikwenda katika kuwaambia watoto "tulia".

Tunafunga mchezo kabla ya adhana ya Magharibi. Mtume (s.a.w.) alituagiza kuwazuia watoto ndani usiku unapoingia, nasi tumeifanya sunna hiyo kuwa kengele yetu. Ndoo ya maji na kikombe kwa kila mtoto, kisha nyumbani.

Wajukuu wa yule bibi wa kuni si Waislamu, na mama mmoja aliwahi kuninong'oneza kama inafaa wachanganyike na wetu. Nilimjibu kwamba haki ya jirani katika dini yetu haikuanzia kwenye jina lake, na kwamba wao ndio waliotuonyesha upande gani wa kiwanja una nyoka.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini Jumanne iliyopita lori lilimwaga mawe na mchanga katikati ya kiwanja. Mwenyewe amepatikana. Ni mtu mstaarabu, alishuka garini akatusalimia, akasema anaanza msingi mwezi ujao. Hatuna la kumlaumu, ardhi ni yake. Watoto walicheza kombolela siku mbili kwenye rundo lile la mawe, mafichoni pakiwa pazuri kupita wakati wote, kisha nikawazuia kwa kuhofia miguu yao.

Mwenyekiti wa mtaa ameniambia kwamba michoro ya mipango miji huwa na maeneo ya wazi, na kwamba yapo mahali mawili katika eneo letu yanayopasa kuangaliwa kabla mtu hajayazungushia mabati. Ametushauri tuje na barua yenye majina ya wazazi. Mpaka leo asubuhi nina majina thelathini na moja, ya Waislamu na wasio Waislamu, pamoja na alama ya dole gumba ya yule bibi. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi baada ya Alasiri. Wazazi wa hapa Mtumba mnaosoma safu hii, barua iko kwa ustadh.