Maneno na Maana Yake: MKONO

Mwezi uliopita tulitazama neno kichwa, na mwalimu mmoja wa upande wa Muleba ametuandikia barua kutushukuru, tena kutuuliza swali. Asema ya kuwa mtoto mmoja wa darasa lake alikuwa akikata majani kwa panga, likamponyoka. Mwalimu akampelekea habari baba yake, aliyekuwa kazini Mwanza, kwa maneno haya: "Mtoto wako amejikata mkono." Baba yule hakulala. Alipanda meli ya usiku, akafika Bukoba asubuhi, akapanda gari mpaka kijijini, na njia nzima alikuwa akiwaza jinsi mwanawe atakavyolima na kuandika akiwa na mkono mmoja. Alipofika alimkuta mtoto ameketi mlangoni, anakula ndizi kwa mkono ule ule, na kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Mwalimu auliza: Je, Kiswahili kina upungufu, hata kitu kirefu hivi, tokea bega mpaka ncha ya kidole, kiitwe kwa jina moja tu?

Swali hili ni jema, nasi tumelikalia mwezi mzima. Kwanza twamjibu ya kuwa upungufu haumo katika lugha. Waingereza wana majina mawili: hand ni kipande cha mbele, toka kifundo mpaka vidole, na arm ni kile cha nyuma mpaka begani. Ndiyo sababu watoto wetu hukosea wanapojifunza Kiingereza, husema hand wamevunja wakati walipovunja arm. Lakini sisi Wahaya twasema omukono, Waganda jirani zetu wasema omukono vile vile, na Waswahili wa pwani wamepunguza sauti tu wakasema mkono. Kwetu sote mkono ni kitu kizima. Anayetaka kutaja sehemu yake, maneno yapo tele: kiganja, kidole, kifundo, kigasha, kiwiko, kwapa. Basi mwalimu na awafundishe watoto maneno hayo sita, awaambie wayaguse katika miili yao huku wakiyataja. Siku ya ugonjwa au ajali yatawafaa kuliko hesabu nyingi. Laiti barua ile ingalisema kidole, baba asingalivuka ziwa kwa hofu.

Sasa tutazame matumizi. Mkono ambao twalia chakula huitwa wa kulia, na jina lenyewe latuonyesha kazi yake. Katika vitabu vya zamani mtasoma mkono wa kuume; watoto hudhani ni neno la kanisani tu, kumbe latoka katika ume, yaani nguvu za mwanamume. Watu wa pwani wa zamani waliuita wa kushoto mkono wa kike. Nasi twawaambia akina baba wasijivunie jina hilo: atazame kila mtu nyumbani mwake ni mikono ya nani iliyoamka kwanza leo, ikachota maji, ikamenya ndizi.

Tena mkono ni kipimo. Kabla ya futi na mita, nguo ilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Edward Steere, aliyekuwa baadaye Askofu kule Unguja, alitaja vipimo hivi katika kitabu chake cha Kiswahili kilichochapwa mwaka 1870, naye aliandika ya kuwa kulikuwa na mkono wa namna mbili: mmoja kamili, mpaka ncha ya kidole, na mmoja wa konde, mpaka penye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Fikirini basi, wasomaji. Mwuzaji hupima kwa ngumi iliyofumbwa, mnunuzi hutaka vidole vinyoshwe. Tena mmoja ni mrefu na mwenziwe ni mfupi. Neno ni moja, mkono, lakini nguo si moja. Aliyekubali bei bila kuuliza mkono gani, na mkono wa nani, alirudi nyumbani na nguo isiyofika magotini. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Kanzu nayo ina mikono. Mto wa maji una mikono yake unapogawanyika. Na hata migombani mkono umeingia: iko ndizi kubwa ya kuchoma au kupika, ya jamii ya enkonjwa zetu, ambayo Waswahili waiita mkono wa tembo, kwa kuwa ndizi moja tu huwa nene na ndefu ya kutisha. Lakini hapa twawaonya walimu wanaofasiri kutoka Kiingereza. Waingereza huita hand kile sisi tukiitacho chane ya ndizi. Huita hand mshale wa saa, ambao watu wa pwani waliuita akrabu, maana yake nge. Tena humwita hand mtu wa kibarua. Asije mtu akaandika, "Bwana yule ana mikono kumi shambani," tukadhani ni jini. Na aseme vibarua kumi. Wala asiandike, "kwa mkono mwingine," anapotaka kugeuza maneno; Mswahili husema, "kwa upande wa pili." Kila lugha hunyosha mkono wake mahali pake.

Sasa tuje kwenye tabia za watu, maana hapa ndipo neno hili lina utajiri. Mtu mkarimu twasema ana mkono wazi. Bahili twasema ana mkono wa birika. Mtazameni birika jinsi mkono wake ulivyojikunja ukarudi kwenye tumbo lake mwenyewe, nanyi hamtauliza maana tena. Mwizi ana mkono mrefu. Lakini angalieni, tukisema Serikali ina mkono mrefu hatusemi ni mwizi, twasema humpata mkosaji hata akijificha mbali. Kuunga mkono ni kukubaliana na mtu na kumsaidia. Kushikana mikono ni kufanya kazi kwa umoja. Kumtupa mkono rafiki ni kumwacha, hasa wakati wa shida yake. Twapeana mkono wa buriani tunapoagana, na mkono wa tanzia penye msiba.

Wazee nao wametuachia mithali. Mkono mmoja haulei mwana: hii yawahusu baba na mama, tena babu na bibi na jirani. Mkono mtupu haulambwi: asiyeleta kitu hapati wa kumbembeleza. Na iko moja iliyo ngumu: Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wengine huisifu kuwa ni busara. Sisi twasema ni mithali ya mtu aliyekwisha kushindwa, nasi tutawasimulia sababu.

Neno la mwisho ni kutia mkono. Maana yake ni kuandika jina lako chini ya karatasi ili iwe ushuhuda ya kuwa umeyakubali yaliyomo. Waganda nao hutumia omukono kwa maana hiyo hiyo. Asiyejua kuandika huchovya kidole gumba katika wino, na hicho nacho ni mkono wake. Watu hudhani ni jambo dogo, kwa kuwa ni kazi ya dakika moja. Lakini mkono huo hukaa pale karatasini mwenyewe akiwa amelala, akiwa safarini, hata akiwa amekwisha kufa.

Mwaka juzi jirani yetu mmoja, mtu wa makamo, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, alihitaji fedha za shule kwa watoto wawili. Kahawa ilikuwa bado maua. Nyote mwajua kinachofuata wakati kama huo hapa kwetu: huja mtu mwenye fedha, hutazama maua, hutoa kiasi kidogo leo, na mavuno yakifika yote ni yake. Ndiyo butura. Imekatazwa mara nyingi, imesemwa katika baraza na makanisani, lakini njaa ya fedha haina masikio. Mwenye fedha akamwambia jirani yetu, "Mimi na wewe ni ndugu. Nipe mkono tu, yatosha." Wakapeana mikono. Kisha akatoa karatasi, akasema, "Sasa tia mkono hapa, ya kuwa umepokea fedha." Jirani akafikiri ni mkono ule ule. Wa kwanza ulikuwa wa urafiki, na wa pili ulikuwa wa hukumu. Neno moja, nguo mbili, kama tulivyoona katika vipimo.

Ilihitajika shahidi. Wakaja kwetu jioni, tulipokuwa tukijiandaa kwenda kwenye mafundisho. Wasomaji wetu, twataka kusema kweli katika ukurasa huu, kwa kuwa sisi ndio tuwafundishao wengine maana ya maneno. Hatukuisoma karatasi ile. Tulikuwa na haraka, na tuliona haya kumwonyesha mgeni ya kuwa hatumwamini. Tulipewa kalamu, tukatia mkono, tukaenda kanisani. Jirani alipoona mkono wa mwalimu wa dini uko pale, moyo wake ukatulia kabisa.

Mavuno yalipoiva, mke wake ndiye aliyekuja. Hakuwa ameulizwa neno tangu mwanzo, ingawa ni yeye aliyepalilia mibuni ile. Alipiga magoti kwa adabu kama ilivyo desturi yetu, akatutolea karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, nisomee tulichouza." Tukasoma. Haikusema habari za kupokea fedha tu. Ilisema kahawa yote ya kibanja, kwa misimu miwili. Na chini yake lilikuwa jina letu, limeandikwa vizuri sana. Mama yule hakutulaumu. Alitazama jina lile, akatutazama sisi, akasema, "Basi hata wewe ulijua." Neno hilo lilituingia kuliko tusi, maana hatukuwa na jibu ila moja, ya kuwa hatukujua, na jibu hilo lilikuwa aibu zaidi.

Tulikwenda kwa wazee. Mume alikuwa akisema, "Mwacheni, ni mtu mkubwa, mkono usioweza kuukata, ubusu." Lakini mke alikataa kubusu. Akasimama mbele ya wazee akasema kazi yake ya jembe toka mwanzo mpaka mwisho, mstari kwa mstari wa mibuni. Nasi tukasimama tukasema mbele ya watu wote ya kuwa tulishuhudia tusichokisoma. Baada ya siku mbili za maneno mwenye fedha alikubali kuchukua msimu mmoja, na kwa ule wa pili arudishiwe fedha kidogo kidogo. Sehemu ya fedha hizo twalipa sisi, na bado hatujamaliza. Msimu wa kwanza ulipotea, na mtoto mmoja wa wale wawili alikaa nyumbani mwaka mzima. Sasa amerudi shuleni, lakini wenzake wamemtangulia darasa moja, nasi twamwona kila asubuhi akipita mbele ya mlango wetu na daftari zake.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. La kwanza, mtu asitie mkono katika karatasi isiyosomwa kwa sauti, toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, katika lugha aijuayo. Asiyejua kusoma asione haya kumwomba mtoto wake wa shule. La pili, mume asitie mkono wake peke yake juu ya kitu ambacho mikono miwili imekilima. Mkewe naye aketi pale na asikie. La tatu ni letu sisi walimu na makatekista. Jina letu lina uzito kijijini kwa sababu twajua kusoma. Basi tukiombwa kuwa mashahidi, na tusome. Mgeni akikasirika kwa kuwa tumesoma, hasira yake yenyewe imekwisha kutusomea karatasi.

Walimu, waandikieni watoto ubaoni maneno haya matatu: kupeana mkono, kuunga mkono, kutia mkono. Kila mtoto atunge sentensi tatu, na kwa ile ya mwisho aulize nyumbani: Baba, mama, ni karatasi gani zilizo na mkono wenu, na zasema nini? Huenda baadhi yao wakarudi na habari zitakazotupasa kwenda kwa wazee mapema, kahawa ingali maua.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutatazama neno jicho. Anayejua mithali au usemi wa jicho, wa Kiswahili au wa Kihaya, atuletee. Kwaherini, na twawapa mkono.