Panya Asiye na Mkia: Urembo Unaolipiwa na Nani?

Wapo wafugaji huko Ulaya na Marekani wanaozalisha panya wa kufugwa nyumbani wasio na mkia, au wenye mkia mfupi, kwa ajili ya urembo tu. Sisi tunaona jambo hili halifai, na hoja yetu tunaitoa katika elimu ya urithi yenyewe.

Kwanza ieleweke kwamba si kila mkia mfupi hurithiwa. Katika miaka ya 1880 Mjerumani August Weismann aliwakata panya mikia kwa vizazi 5 mfululizo. Watoto 901 walizaliwa, na wote walikuwa na mikia yao. Jeraha la mzazi halimfuati mtoto.

Ama mkia mfupi wa kurithi, huo una gharama isiyoonekana. Mwaka 1927, mjini Paris, mtafiti Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alieleza habari za panya wadogo waliofupishwa mkia na jeni moja. Anayeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huishi na mkia mfupi. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili hufa tumboni. Basi ukipandisha wawili wenye mkia mfupi, kwa wastani katika kila vijusi 4, 1 atakuwa na mkia wa kawaida, 2 mkia mfupi, na 1 hatazaliwa kamwe.

Zipo hata koo za maabara zinazozaa wasio na mkia watupu. Siri yake ni nini? Nusu ya vijusi hufa kabla ya kuzaliwa.

Watu watasema: mbona waliozaliwa ni wazima? Tunajibu: mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo, na hitilafu yake yaweza kupanda hadi kwenye uti wenyewe. Tena panya hutumia mkia kujiweka sawa anapopanda na kupunguza joto la mwili. Si pambo la kuondolewa tukipenda.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akiomba panya wa kufuga, mchagulieni mwenye mkia kamili. Na muuzaji akiwasifia asiye na mkia, muulizeni: mama yake huzaa watoto wangapi? Kisha mweleze mwanao kwa nini mmeuliza. Mnyama ni amana, na wale wasiozaliwa hawana wa kuwasemea.