Sindano ya Kimeta Ichomwe Mapema

Wakulima wenzangu wa Gotu, mnyama akianguka ghafula hapa kando ya Ewaso Nyiro, mmoja hukimbilia dukani kununua dawa, mwingine hushika kisu ili amuwahi asife kibudu. Ikiwa ugonjwa ni kimeta, mimi naona wote wawili wamechelewa.

Kijidudu cha kimeta huua kwa sumu. Huitengeneza ndani yake, kisha huitoa katika damu ya mnyama. Sumu hiyo ni protini tatu: moja hufungua njia ya kuingia katika chembe za mwili, nazo mbili huingia na kuharibu. Protini haiwezi kupita katika ngozi ya kijidudu ikiwa imekunjwa. Hupenya kama uzi katika tundu la sindano. Ng'ambo ya ngozi hiyo hungojewa na protini nyingine, ambayo wataalamu huiita PrsA, inayoisaidia kujikunja sawasawa, maana ikikunjwa vibaya haina nguvu. Ni kama mpambe wa bibi harusi: yeye haolewi, lakini bila yeye mambo huharibika.

Sasa fikiri. Dawa ya dukani huua kijidudu, wala hairudishi sumu iliyokwisha kutoka. Ndiyo maana ng'ombe aliyekwisha kulala chini mara nyingi hufa hata akichomwa dawa, na pesa zako zimekwenda.

Kisu ni kibaya zaidi. Damu ikipata hewa, vijidudu hugeuka mbegu ngumu zikaazo udongoni miaka mingi. Nawe umeshika nyama kwa mikono mitupu! Kwa jirani zetu wa Wamba, kimeta kiliua punda milia zaidi ya 50 kati ya Desemba 2005 na Machi 2006, na punda milia hawana boma. Malisho yao ndiyo ya ng'ombe.

Chanjo itumikayo sana ilitokana na kazi ya Max Sterne, Afrika Kusini, miaka ya 1930. Kijidudu chake kimepoteza koti linalokificha, lakini bado hutoa protini zile, na mwili hujifunza kuzipinga. Kwa kuwa ki hai, usimchome mnyama dawa ya kuua vijidudu siku za chanjo, usije ukaiua chanjo yenyewe. Irudiwe kila mwaka.

Mzoga wenye damu nyeusi puani usipasuliwe; mwite afisa wa mifugo, uchomwe au uzikwe chini sana. Nami nasema tujiandikishe kwa chanjo kijiji kizima, mwenye mbuzi watatu pamoja na mwenye ng'ombe hamsini.